Mirija 43 na moto uliokosa pumzi: uchambuzi wa kichwa cha treni cha Marc Seguin

Kisa hiki kilitokea kusini-mashariki mwa Ufaransa kati ya 1826 na 1833. Mhandisi alitatua sehemu ngumu kuliko zote ya kichwa cha treni, yaani boila (chombo cha kuchemshia maji yatoe mvuke), kisha akakwama kwenye jambo ambalo kila mpishi wa jiko la mkaa analijua: moto unataka hewa. Nakitumia kufundishia kwa sababu kosa lake halikuwa la uzembe wala la ujinga. Lilikuwa kosa la mtu makini aliyetengeneza kitu kimoja vizuri mno, kisha kitu hicho kikazaa shida ya pili.

Majina niliyoyabakiza ni ya watu walioandikwa katika historia ya umma. Wahunzi, wachochea makaa na wenye hisa hawatajwi, maana somo halitegemei wao walikuwa nani.

## Usuli

Bonde la mto Gier, kutoka Saint-Étienne kushuka hadi mto Rhône, lilikuwa na makaa ya mawe kwa wingi. Wanunuzi walikuwa Lyon na miji ya kando ya Rhône. Umbali haufiki kilomita 60, lakini kusafirisha kulikula faida. Mizigo ilikwenda kwa mikokoteni ya farasi kwenye barabara mbovu, au kwa Mfereji wa Givors uliounganisha Rive-de-Gier na Rhône, na wenye mfereji walijua vizuri kutoza ushuru.

Upande wa pili wa Saint-Étienne, kuelekea mto Loire, reli ya kwanza ya Ufaransa ilikwisha kujengwa chini ya mhandisi Beaunier na ikafunguliwa 1827 hadi Andrézieux. Ilikuwa reli ya kweli ya chuma, ila iliyovuta ni farasi.

Hapo ndipo anapoingia Marc Seguin. Alizaliwa Annonay mwaka 1786, na mama yake alitoka katika ukoo wa Montgolfier, wale walioirusha puto ya hewa moto katika mji huohuo mwaka 1783. Hakupitia vyuo vikubwa vya uhandisi vya Paris. Alijifunza kwa kutenda, akiwa na ndugu zake, na kufikia 1825 walikuwa wamemaliza daraja la kuning'inia la nyaya za chuma juu ya Rhône kati ya Tournon na Tain. Waliokuwa na shaka juu ya nyaya walinyamaza.

Mwaka 1826 ndugu hao na washirika wao walishinda kibali cha kujenga reli kutoka Saint-Étienne hadi Lyon. Walishinda kwa bei: walikubali kutoza sentimu 9.8 kwa kila tani kwa kila kilomita. Bei hiyo iwekwe akilini, kwa sababu ndiyo iliyowabana tangu siku ya kwanza. Anayejifunga kwa nauli ndogo kiasi hicho hana nafasi ya kuvuta makaa kwa gharama ya farasi milele.

Njia yenyewe ilichorwa kwa umakini usio wa kawaida kwa zama zile. Seguin alikataa kona za ghafla. Alitaka nusu kipenyo cha kila kona kisipungue mita 500, hata kama ingelazimu kutoboa milima. Mteremko uligawanyika sehemu tatu. Kutoka Lyon hadi Givors ni karibu tambarare. Kutoka Givors hadi Rive-de-Gier njia inapanda kwa upole. Kutoka Rive-de-Gier hadi Saint-Étienne inapanda kwa mita zipatazo 13 katika kila mita 1,000, na huo ni mlima kwa reli yoyote. Bahati yao ni kwamba mzigo ulishuka na matupu yakapanda. Makaa yangeweza kujiachia mteremkoni yenyewe hadi karibu na Rhône, na kazi ya kuvuta ikawa hasa kurudisha mabehewa juu.

## Boila ya wakati ule

Bila kuelewa boila ya miaka ya 1820 kisa hiki hakieleweki. Chukua pipa la chuma lililolazwa, limejaa maji. Ndani yake limepitishwa bomba moja nene, au bomba lililokunjwa likarudi lilikotoka. Moto unawashwa kwenye mdomo wa bomba, na moshi wake wenye joto kali unapita ndani hadi kwenye dohani. Joto linaingia kwenye maji kupitia ukuta wa bomba tu.

Kasoro iko katikati ya bomba. Moshi unaogusa ukuta unapoa na kuyapa maji joto; unaopita katikati hauguswi na kitu, unatoka juu ya dohani na joto lake lote. Chemsha muhogo mzima na muhogo uliokatwa vipande, katika sufuria moja, uone upi unaiva kwanza. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni eneo linaloguswa na maji.

Dawa ya kiwandani ilikuwa kukuza boila. Kwenye reli dawa hiyo haipo, kwa sababu boila inabebwa na magurudumu, na magurudumu yanakanyaga reli za chuma jembamba.

Ufaransa ilikuwa imeshaona shida hii miaka 60 nyuma. Gari la mvuke la Cugnot, lililotengenezwa kwa ajili ya kuvuta mizinga mnamo 1769 na 1770, lilitembea, lakini chungu chake cha mvuke kiliishiwa haraka, likawa linasimama kila baada ya muda mfupi ili lipate nguvu tena. Watu wanapenda kusimulia jinsi lilivyogonga ukuta. Mimi nadhani ukuta haukuwa na hatia; gari lile lilikwisha kushindwa na boila yake. Bado lipo Paris, katika Makumbusho ya Sanaa na Ufundi, na ukiliangalia, lile chungu lililoning'inia mbele linasema kila kitu.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Wazo la mirija halikuanzia relini. Lilianzia mtoni. Seguin na wenzake walikuwa wakijaribu meli za mvuke kwenye Rhône, mto wenye mkondo mkali ambao kupanda nao kwa farasi wa kuvuta kamba kulichukua siku nyingi. Meli zao zilihitaji mvuke mwingi kutoka kwenye boila ndogo. Seguin akageuza hesabu: badala ya bomba moja nene, apitishe mirija mingi myembamba ndani ya maji, na moto upite ndani ya kila mrija. Aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Desemba 1827, ikatolewa Februari 1828.

Wakati huohuo kampuni ya reli ilikuwa ikitazama Uingereza, ambako reli ya Stockton na Darlington ilikuwa imefunguliwa Septemba 1825. Seguin alikwenda kujionea na akaonana na George Stephenson, mjenzi wa vichwa vya treni. Kampuni ikanunua vichwa viwili kutoka karakana ya Stephenson, vikafika Ufaransa 1828. Kimoja kilikwenda Lyon. Kingine kilipelekwa Arras, kwenye karakana ya Hallette, kichunguzwe na mafundi wa huko.

Vichwa hivyo viliwavunja moyo. Vilitembea polepole, na tatizo lilikuwa lilelile la mvuke kuisha. Kwa hesabu aliyoiacha Seguin mwenyewe, boila ya aina ile ilitoa kiasi cha kilo 300 za mvuke kwa saa.

Kuna jambo dogo hapa ambalo lingepaswa kujulikana zaidi. Masimulizi ya upande wa Stephenson yanasema kwamba nao walijaribu mirija katika injini walizozitengenezea Saint-Étienne mwaka 1828, ila waliijaza maji na kuiweka ndani ya njia ya moto. Mirija ikajaa ukoko, kama ule mweupe unaoujua ndani ya birika, ikaungua, ikang'olewa. Pande mbili za bahari, mwaka mmoja, mirija ileile. Tofauti ni nani apite ndani, maji au moto. Maji yakipita ndani ya mrija mwembamba, ukoko unaziba njia yake na chuma kinabaki uchi mbele ya moto. Moto ukipita ndani, ukoko unajijenga nje ya mrija, ndani ya pipa pana, na kinachoziba ndani ni masizi, ambayo kijana mwenye fimbo na brashi anayatoa asubuhi moja.

Mwaka 1829, katika karakana ya kampuni huko Perrache, Lyon, Seguin alijenga kichwa chake. Pipa la boila lilikuwa na urefu wa karibu mita 3, na ndani yake mirija 43 yenye upana wa sentimita 4. Tanuri lilikuwa chini ya pipa. Silinda, mapipa madogo ambamo mvuke unasukuma kizibo kiitwacho pistoni, zilisimama wima, na nguvu ya pistoni ikafikishwa kwenye magurudumu manne kupitia mitambo ya wenzo na vyuma virefu pembeni. Nyuma kilivutwa kibehewa cha makaa na maji, na juu ya kibehewa hicho kulikuwa na kioja: feni mbili kubwa, zikizungushwa kwa mikanda kutoka kwenye magurudumu ya kibehewa, zikisukuma hewa kwenye tanuri kupitia mabomba ya ngozi.

Kichwa kilijaribiwa katika miezi ya mwisho ya 1829. Kilifanya kazi. Kwa hesabu ya Seguin, boila ya mirija ilipandisha mvuke hadi karibu kilo 1,200 kwa saa.

Katika msimu huohuo, Oktoba 1829, Waingereza walifanya mashindano ya Rainhill kuchagua kichwa kwa ajili ya reli ya Liverpool na Manchester. Mshindi alikuwa kichwa kilichoitwa Rocket, cha Robert Stephenson, mwana wa George. Kilikuwa na mirija 25 ya shaba, yenye upana wa inchi 3, kwa ushauri wa Henry Booth, aliyekuwa mweka hazina wa reli hiyo. Hapakuwa na feni. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ulitupwa ndani ya dohani, ukienda juu.

Kipande cha Givors hadi Rive-de-Gier kilifunguliwa 1830, na njia nzima ya kilomita 58 ikawa inatumika kufikia 1833. Kampuni iliendelea kujenga vichwa Perrache, takriban kumi na mbili kwa jumla. Farasi hawakuondoka mara moja. Juu ya Rive-de-Gier, kwenye mlima, waliendelea kupandisha mabehewa matupu kwa miaka kadhaa.

## Maamuzi makubwa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kushughulikia boila na kuiacha injini. Wengi wa enzi ile walihangaika na pistoni, magurudumu, meno ya kukamata reli, hata miguu ya chuma ya kusukuma ardhi. Seguin aliuliza kilo ngapi za mvuke kwa saa. Mtu akiuliza hivyo, majibu mengine yanajipanga yenyewe, kwa kuwa injini haiwezi kutumia mvuke ambao haupo.

Tuipige hesabu, maana ndiyo moyo wa kisa. Mrija mmoja wa sentimita 4 kwa urefu wa mita 3 una ukuta wa eneo la kama mita 0.38 za mraba. Mirija 43 inatoa zaidi ya mita 16 za mraba. Sasa chukua bomba moja lenye uwazi sawa na mirija yote 43 ikijumlishwa. Upana wake ungekuwa sentimita 26 na kidogo, na ukuta wake kwa urefu uleule mita 2.5 za mraba tu. Moshi una nafasi ileile ya kupita, lakini eneo la kutoa joto limeongezeka mara sita na nusu. Mara sita na nusu hiyo ni kipeuo cha pili cha 43. Ukigawa bomba kuwa mirija mingi bila kubadili jumla ya uwazi, eneo linakua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mirija. Mwanafunzi akiliona hili ubaoni, huwa hahitaji kuambiwa tena kwa nini boila za treni zikawa vile zilivyokuwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa feni, na hapa lazima tumtendee haki. Mirija myembamba inausugua moshi na kuuzuia. Kiwandani ungejenga dohani ya matofali, ndefu, na urefu wake ungevuta hewa. Kichwa cha treni kinapita chini ya madaraja na ndani ya mahandaki, na mahandaki hayo Seguin mwenyewe ndiye aliyeyachora. Dohani ndefu haikuwezekana. Mhunzi yeyote wa Annonay au Saint-Étienne angekwambia cha kufanya moto unapokosa pumzi: vuta mivukuto. Feni zilikuwa mivukuto ya kisasa. Tena zilikuwa na faida moja ya kweli, kwamba hazikuzuia mvuke kutoka kwenye silinda. Kuutupa mvuke dohanini kwa nguvu kunataka mdomo mwembamba, na mdomo mwembamba unairudishia pistoni mzigo kwa nyuma. Kwenye mabomba manene ya zamani, mvuke uliorushwa kwa nguvu ulikuwa pia unang'oa makaa yanayowaka na kuyatupa nje. Mtu mwenye busara angeweza kuchagua feni.

Uamuzi wa tatu, silinda wima na wenzo, sina mengi ya kuusema. Ulifuata mazoea ya siku zile. Uliongeza vyuma vizito vinavyopanda na kushuka juu ya reli nyepesi, na ndani ya miaka michache vichwa vya Uingereza vilikwisha kulaza silinda.

## Matokeo

Boila ilishinda. Katika kazi ya kila siku ya kuvuta makaa kati ya Rive-de-Gier na Rhône, vichwa vya Perrache vilifanya kile ambacho vile viwili vilivyonunuliwa vilishindwa. Kampuni ikaachana na fikra ya kutegemea karakana za ng'ambo, angalau kwa muda.

Feni hazikudumu. Mafundi wa Ufaransa nao wakahamia kwenye mvuke wa kutupwa dohanini, na vichwa vilivyofuata vikakubali njia hiyo.

Nje ya bonde la Gier, Ufaransa haikuufuata muundo wa Perrache. Reli ya Paris hadi upande wa Saint-Germain ilipofunguliwa Agosti 1837, mtindo uliotawala ulikuwa wa Kiingereza, na karakana za Ufaransa kama Le Creusot zilipoanza kujenga vichwa mwaka 1838 zilianzia hapo. Kilichoenea duniani kutoka kwenye kichwa cha Seguin ni kile kilichokuwa ndani ya pipa. Umbo la nje lilibaki Lyon.

## Uchambuzi

Watu hubishana nani wa kwanza, Seguin au Booth. Tarehe zinasema wazi: hataza ya Seguin imetangulia Rainhill kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Wala sioni sababu ya kumwita Booth mwizi. Shida ilikuwa imeiva, na watu wawili wenye shida moja walichuma tunda moja. Ubishi huu umekula kurasa nyingi na umewafanya wasomaji walipite swali lenye manufaa zaidi. Kama wote wawili walikuwa na mirija, kwa nini mmoja alihitaji feni na mwingine hakuhitaji?

Tuiangalie feni kwa macho ya dereva. Inazungushwa na magurudumu ya kibehewa. Treni ikienda kwa kasi, feni inazunguka kwa kasi na moto unapata hewa tele. Treni ikipunguza mwendo, feni inapunguza pia, na hapo kuna kanuni isiyo na huruma: nguvu ya kusukuma hewa inafuata mraba wa mzunguko. Mwendo ukishuka nusu, msukumo wa hewa unabaki robo.

Sasa jiulize kichwa kinapunguza mwendo lini. Kinapopanda mlima. Kwenye mwinuko wa 13 kwa 1,000, kila tani ya mzigo inadai nguvu ya kilo 13 zaidi ili ipande tu, kabla hata ya kuhesabu msuguano wa magurudumu. Pale ambapo mvuke unatakiwa kwa wingi, ndipo feni inapolegea. Mvuke unapungua, mwendo unashuka zaidi, feni inalegea zaidi. Ni mduara unaokaza kamba shingoni. Na kichwa kikisimama kituoni kusubiri, feni nazo zimesimama, moto unazubaa, na dereva anaondoka na boila iliyochoka.

Umepata kupepea jiko la mkaa? Mpishi anapepea zaidi sufuria inapokuwa nzito na maji yakigoma kuchemka. Feni ya Seguin ilikuwa mpishi anayepepea kwa bidii ugali ukiwa umeshaiva, na kuuacha upepeo sufuria inapotelekwa.

Mvuke wa kutupwa dohanini unafanya kinyume chake. Kila pistoni inapomaliza safari, inatoa pumzi moja juu ya dohani, na pumzi hiyo inavuta moshi kupitia mirija. Dereva akifungua mvuke mwingi ili apande, kila pumzi inakuwa nzito zaidi, uvutaji unaongezeka, moto unawaka zaidi, mvuke unazaliwa zaidi. Mahitaji yanajilisha yenyewe. Hakuna mkanda wa kukatika, hakuna bomba la ngozi la kupasuka, hakuna kitu kinachozunguka. Ni bomba tu lililoelekezwa mahali sahihi. Ule mlio wa garimoshi, chu-chu-chu unaokuwa mzito mlimani, ni sauti ya moto unaopepewa na kazi yenyewe.

Njia hii nayo ina kasoro yake: kichwa kikiwa kimesimama, hakuna mvuke unaotoka kwenye silinda, kwa hiyo hakuna mvuto. Baadaye mafundi waliongeza kibomba kidogo cha kutoa mvuke moja kwa moja kutoka kwenye boila hadi dohanini wakati wa kusimama. Lakini kasoro hiyo inakuja wakati mahitaji ni madogo, nayo inavumilika. Kasoro ya feni inakuja wakati mahitaji ni makubwa.

Kwa nini Seguin hakuliona hili mapema? Maoni yangu ni haya. Mirija yake ilizaliwa kwenye meli. Ndani ya meli, mwendo wa chombo hauna uhusiano wa lazima na mwendo wa mtambo. Feni ingeweza kuzungushwa na injini kwa kasi moja muda wote, na juu kulikuwa na nafasi ya dohani ndefu. Alipoihamishia boila kwenye reli alihamisha jibu zima la joto, lakini hewa akaipa chanzo kipya, magurudumu, bila kuuliza magurudumu hayo yatafanya nini mlimani. Aliipima boila kwa kilo za mvuke kwa saa, kipimo kizuri sana cha kitu kilichosimama. Kilichokosekana ni kipimo cha mvuke kwa saa kwenye mwendo mdogo na mzigo mzito.

Wenzake wa Rocket hawakuwa werevu kuliko yeye. Walikuwa na jambo ambalo yeye hakuwa nalo: miaka mingi ya vichwa vinavyotembea kwenye reli za migodi kaskazini mwa Uingereza, ambako mafundi, Timothy Hackworth miongoni mwao, walikuwa wameshaona kwa macho yao mvuke wa dohani unavyouamsha moto. Walikuwa na pumzi bila mapafu mazuri, naye alikuwa na mapafu bila pumzi.

Kilichofanikiwa upande wa Seguin kinastahili kutajwa bila kusitasita. Alitenganisha swali la joto na swali la mashine. Alichagua moto ndani ya mirija na maji nje, uamuzi uliookoa boila zake na ukoko uliowashinda wengine. Alijenga njia yenye kona pana kiasi kwamba vichwa vya vizazi vilivyofuata vilipita bila kubomoa kitu. Na aliifikiria joto kwa kina kupita mhandisi wa kawaida: katika kitabu chake cha 1839 kuhusu reli alijaribu hata kukadiria kazi kiasi gani inapatikana kutoka kwenye joto kiasi gani, wakati wanafizikia wengi bado waliamini joto ni kimiminika kisichopotea.

Hakuna kichwa chake cha awali kilichosalia, lakini wapenzi wa urithi wa viwanda Ufaransa wamejenga nakala inayotembea, yenye feni na mikanda yake. Ukitazama picha zake, jicho linakimbilia nyuma, kwenye zile feni, kwa kuwa ndizo za ajabu. Pipa lenye mirija linaonekana la kawaida kabisa, kwa sababu tumelizoea.

Tumelizoea hata huku kwetu. Katika Makumbusho ya Reli Nairobi kimesimama kichwa namba 5918, Mount Gelai, mmoja wa majitu ya daraja la 59 waliotengenezwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1950 na kupandisha mizigo kutoka Mombasa. Moto wake ulikuwa wa mafuta mazito wala si makaa, na uzito wake unapita tani 250. Ndani ya pipa lake la katikati moto ulipita kwenye mirija na maji yakauzunguka, na mvuke uliochoka ulitoka chini ya dohani ukivuta moshi nyuma yake. Kibehewa cha feni hakipo.